Mijusi Wamejaa Ukutani, na Ukuta Unataka Kuanguka

Shangazi mpendwa,

Nakuja kwako mikono nyuma, nikiomba unisaidie, na nakuomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, maana mwanzo wake unachekesha lakini mwisho wake unaweza kuua watu. Mimi ni mkata mawe. Nimekata mawe miaka thelathini na moja katika machimbo yaleyale, nilianza nikibeba kokoto kwa karai, nikapewa nyundo, nikapewa tindo, na sasa mimi ndiye fundi mkubwa kuliko wote pale, na nikisema jiwe hili litapasukia hapa, linapasukia hapa, hilo nalisema bila majivuno kwa kuwa jiwe halimpendelei mtu. Lakini watu hawaniiti fundi tena. Wananiita Mzee Mijusi, na jina hilo nimelipata kwa uongo, na uongo wenyewe niliusema mimi kwa kinywa changu, na hakuna anayejua isipokuwa mimi, na sasa wewe.

Ilikuwa hivi. Miaka miwili iliyopita tulikuwa watu kumi na mmoja chini ya ukuta wa kusini tukipasua mawe ya msingi, na kwa siku nne mfululizo nilikuwa nasikia mwamba unalia ndani kwa ndani, si sauti kubwa, ni kama mtu aliyetafuna wali akauma mchanga, na vumbi jembamba lilikuwa linateremka kwenye ufa hata pasipo na upepo. Nilimwambia mnyapara wetu mara ya kwanza, akaniambia nitazame kazi yangu. Nikamwambia mara ya pili, akaniuliza kama kazi imenichosha. Siku ya tano asubuhi mlio ule ulibadilika, ukawa mnene, nikajua hatuna muda, na nikajua vilevile kwamba nikisema ukuta unakuja wenzangu watamtazama mnyapara kwanza ndipo watazame ukuta. Basi mjusi akatoka kwenye ufa akapita mbele ya mguu wangu. Mmoja tu, Shangazi, tena anakwenda zake bila haraka yoyote. Nikatupa nyundo chini nikapiga ukelele kwamba mijusi wanahama, na kwamba bibi yangu aliniusia, mijusi wakihama ukutani, usibaki hata kuchukua shati. Marehemu bibi yangu hakuniusia kitu kama hicho maisha yake yote, yeye mijusi alikuwa anawakimbia. Lakini watu walitoka mbio, mnyapara akiwa wa kwanza, na kabla sijahesabu mia moja ukuta ule ulishuka wote ukafunika mahali tulipokuwa tumekaa kunywa chai. Watu kumi na mmoja, hakuna aliyepata hata mkwaruzo.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli, nikanyamaza. Sitakudanganya na wewe pia: ilikuwa tamu. Watu wazima walinishika mikono wakilia, meneja alitoka ofisini akaniita "mzee wetu" mbele ya wote, na mnyapara ambaye kwa miaka sita hakunijibu salamu kwa sentensi nzima, siku hiyo alinibebea mfuko wangu wa zana mpaka getini. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake wakaja wake zao nyumbani kwangu kushukuru, na mmoja wao, muuza vitambaa, akaniuliza kama wanyama wengine nao nawasoma, kwa sababu alikuwa na safari na moyo wake ulikuwa mzito. Nina kuku sita na bata mmoja mlemavu. Nikawatazama kuku, nikamwambia asafiri, kwa kuwa jogoo alikuwa ameelekea barabarani. Akasafiri akarudi salama, kama wanavyorudi wasafiri wengi.

Tangu siku ile uani kwangu hapakauki watu. Kuku akiparua kwa mguu wa kulia, heri. Akiparua wa kushoto, tahadhari. Bata akijinyoosha shingo kuna mgeni, akilala mapema kuna fitina. Kanuni hizi nilizitunga papo hapo, na nilipozisahau nilitunga nyingine, na hakuna aliyeniuliza mbona jana mguu wa kushoto ulikuwa na maana nyingine. Mke wangu alinionya. Aliniambia, "Baba watoto, hao kuku nawalisha mimi, na sijawahi kuona wana akili kiasi hicho." Nikamwambia anyamaze, mambo haya hayajui.

Sasa nakuja kwenye la kwanza linaloninyima raha. Mke wangu ana mdogo wake wa kike, fundi cherehani, mtu wa utani na kicheko, na alikuwa na uvimbe shingoni wa ukubwa wa kokwa. Madaktari walimpangia siku ya kumpasua, akaja kwangu na kile kikaratasi cha tarehe mkononi, akasema, "Shemeji, naogopa kisu, niulizie." Nikamwaga mtama. Kuku mmoja akadonoa punje tatu akaenda zake kivulini, kwa kuwa ilikuwa saa sita na jua linawaka. Nikamwambia asubiri. Unajua kwa nini nilisema asubiri, Shangazi? Kwa sababu sikuwa na la kusema, na kusubiri ni neno salama kwa mtabiri, likitokea lolote yeye hadaiwi. Amesubiri miezi mitano. Siku hizi anajifunga mtandio shingoni hata kukiwa na joto, na kila akinipita ananishukuru kwa kumwokoa na kisu.

La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Pale machimboni zamani alikuwa anakuja mkaguzi kila mwezi, mtu mwenye vipimo vyake, anapanda juu kwa kamba, anagongagonga, anaandika. Meneja alimwachisha. Alisema ya nini, sisi tuna Mzee Mijusi. Ikawa kila asubuhi nasimama mbele ya ukuta, watu zaidi ya arobaini wako nyuma yangu wamevaa kofia ngumu, kimya kama wako msibani, nami nawatazama mijusi, kisha nainua mkono na watu wanaingia. Mwanzoni nilikuwa nawatazama mijusi kwa jicho moja na jiwe kwa jicho la pili, kwa hiyo madhara hayakuwepo. Lakini kadiri nilivyozoea kuitwa huku na huku kusoma mbuzi wa huyu na paka wa yule, nilianza kufika kazini kichwa kizito, na ziko asubuhi, Mungu anisamehe, niliinua mkono baada ya kuwaona mijusi tu. Jiwe sikulitazama.

Tangu mvua zilipokatika, ukuta wa kaskazini una ufa. Ulianza mwembamba kama uzi, sasa kidole changu kinaingia mpaka kwenye kifundo. Upande huo anafanya kazi mume wa binti yangu, yeye ndiye kiongozi wa kikundi cha watu tisa. Na mijusi, Shangazi, mijusi wameongezeka. Ufa ndio nyumba yao, kadiri unavyopanuka ndivyo wanavyopata vyumba, wanakuja kutoka machimbo yote, wanaota jua mlangoni kwao wakitingisha vichwa. Kila anayewaona anafurahi.

Jumatatu sikuinua mkono. Nilisema upande wa kaskazini watu wasiingie. Mnyapara akatazama juu, akawahesabu mijusi kwa kidole, akafika kumi na saba, akacheka kwa upendo kabisa. Meneja akatoka akaniuliza kama leo nimeamua kuwapima imani. Nikasema kuna ufa, wakasema ufa haujaanza leo. Ndipo mkwe wangu akanivuta pembeni kwa heshima, maana ananiheshimu kuliko baba yake mzazi.

"Baba, mijusi wamejaa. Unaogopa nini?"

"Naogopa ufa, mwanangu."

"Ni wewe uliyetufundisha tusitazame jiwe, tumtazame anayelala ndani yake."

Ni kweli nilisema hivyo, tena mbele ya watu, na walinipigia makofi. Akavaa kofia yake akaingia, na wenzake wakamfuata.

Sasa shauri langu ni hili, nataka unipe ruhusa au unikataze. Nyuma ya banda la zana nimeficha vipande vya tairi na majani mabichi. Nikiviwasha alfajiri chini ya ule ufa, moshi utawatoa mijusi wote, na watu wakifika wakaona mijusi wanakimbia, hakuna atakayeingia, mkwe wangu atapona na wenzake wote watapona. Uongo wa kwanza uliokoa watu. Je, wa pili una ubaya gani? Nikisema ukweli nitakuwa mwongo mbele ya watu wote, na mwongo akisema ukuta unaanguka nani atamsikiliza? Nifanye lipi upesi? Barua hii naileta mwenyewe kwa mkono namwachia mlinzi wa gazeti lenu, namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha.

Ni mimi,
Mzee Mijusi


SHANGAZI ANAJIBU

Fundi, jina la mijusi mimi sitakuita, utanisamehe.

Barua yako niliikuta mezani Jumatano, saa tatu asubuhi. Barua za ukurasa huu hungoja zamu, lakini yako niliisoma nimesimama, nikageuza bahasha, nikakupigia. Leo ninaichapa kwa idhini yako pamoja na niliyokuambia, maana najua wako wengine huko nje wamekaa juu ya uongo mdogo unaoendelea kukua, wanadhani ni kiti.

Kwanza nilikuuliza kama muda ule kulikuwa na watu chini ya ukuta wa kaskazini. Ukaniambia wapo. Ukaanza kunieleza upya habari za bibi yako, nikakukatiza, na sikuombi radhi.

Kuhusu uongo wa kwanza nilikuambia hivi: mimi siuhukumu. Ulikuwa na watu kumi, na mnyapara asiyesikia, na muda usiotosha kuvaa viatu. Ulishika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni mjusi. Kosa lako lilikuja kesho yake, ulipokuwa umekaa, umekunywa chai, huna haraka, na mlangoni kuna mwanamke anayekuuliza kama asafiri. Hapo hapakuwa na ukuta unaoanguka. Hapo ulisema uongo kwa sababu ulikuwa mtamu, na umekiri mwenyewe, kwa hiyo tusizungushane.

Moshi nilikukataza. Si kwa sababu mimi ni mtakatifu. Nilikuuliza swali la mtu asiyejua kitu: moshi ukiisha, mijusi watafanya nini? Ukasema watarudi. Nikakuuliza, na watu? Ukasema nao watarudi. Basi ulikuwa unataka kununua asubuhi moja tu, na Ijumaa ungehitaji tairi jingine, na Jumamosi jingine, mpaka siku utakayoamka na homa na hakuna wa kuwasha.

Na sisemi wanyama hawajui kitu. Sisimizi wakihamisha mayai yao, nami naanua nguo zangu kambani. Mbwa akikataa chakula alichokipenda jana, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mnyama ana habari zake, za mwili wake na za siku yake, na mwenye macho atafaidika. Lakini ukimwuliza kuku habari za shingo ya shemeji yako, kuku anakutazama tu. Anayejibu ni wewe. Unajibu kwa kinywa cha kuku ili jibu likiwa baya ahukumiwe kuku.

Kisha nilikuuliza jambo moja la kazi yako, na nadhani ndilo lililokuuma kuliko matusi yote ambayo ningeweza kukutukana.

"Fundi, ufa ukiwa unatembea, mnaujuaje?"

"Tunaupaka plasta, tunaandika tarehe. Plasta ikipasuka, ufa umetembea."

"Umeupaka huu?"

Nilisikia nyundo za wenzako kwa mbali kwenye simu.

"Sijaupaka, Shangazi."

Miaka thelathini na moja. Mtoto wa mwaka wa kwanza machimboni angeupaka. Wewe ulikuwa na shughuli ya kuficha tairi. Hicho ndicho ulichokipoteza, fundi, na wala si jina zuri: ulikuwa na masikio yanayosikia jiwe likilia, ukayaweka kando ukashika mijusi, kwa sababu jiwe linakupa kazi na mijusi walikuwa wanakupa makofi.

Ndipo nikakupa maagizo, na nayarudia kwa faida ya msomaji. Nilikuambia usianze na umati. Mtu akitaka kutoa neno zito alitoe kwanza kwa mmoja, yule ambaye akiumia wewe ndiye utakayeumia zaidi, na wako yuko pale chini amevaa kofia. Mwite sasa hivi, mwambie yote, usianze na bibi, anza na neno "nilidanganya". Halafu upake hiyo plasta mbele yake na mbele ya mnyapara, uandike tarehe kwa mkono wako. Halafu kesho asubuhi, mahali palepale unaposimama kila siku kuinua mkono, uwaambie waliobaki. Na kama watang'ang'ania kuingia, kaa kwenye njia ya kuingilia. Wewe ni mzee wao, hawatakuruka.

Ulinikatia simu bila kuaga, na hilo nalo sikulichukia.

Barua yako ya pili, uliyoileta wiki iliyofuata, imenieleza yaliyotokea, na kwa kuwa wasomaji wangu hawatanisamehe nikiyaficha, nayasema kwa ufupi.

Ulimwita mkwe wako nyuma ya banda la zana, penye yale majani na tairi, ukamwambia. Umesema alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukatamani akutukane. Akauliza swali moja tu.

"Siku ile, ulijuaje?"

"Nilisikia mwamba unalia."

"Basi nifundishe kusikia."

Mkapanda pamoja mkapaka plasta sehemu tatu, na mchana ule akawahamisha watu wake tisa upande wa pili bila kuomba ruhusa ya mtu, kwa kuwa kiongozi wao ni yeye. Alhamisi asubuhi plasta zote tatu zilikuwa zimepasuka, ya katikati imeachana kwa upana wa kucha. Usiku mmoja tu. Mijusi walikuwa wamekaa palepale wakiota jua.

Ukasimama mbele ya watu arobaini ukasema. Najua haikuwa rahisi, na hapa nakupa haki yako. Umesema baadhi walicheka wakidhani ni mtihani mwingine. Mmoja kati ya wale kumi wa siku ya kwanza alisema afadhali usingemwambia, maana alikuwa amewasimulia wanawe. Mnyapara aligeuka akaondoka, na mpaka unaandika barua alikuwa hajakusalimu. Mwache, ana lake la kujiuliza, kwa kuwa ulipomwambia mara mbili habari za ukuta wa kusini hukumwambia habari za mijusi, ulimwambia jiwe linalia, naye hakusikia. Meneja alikuita ofisini akasema umemfanya aonekane mjinga. Ulimjibu vizuri, na natamani jibu lile ningelitunga mimi: ulimwambia afadhali aonekane mjinga mbele ya watu arobaini walio hai. Alipochungulia dirishani akawaona wote wamekaa chini, kofia magotini, hakuna anayeingia, aliinua simu akamwita yule mkaguzi wa zamani.

Mkaguzi alipanda, akagonga, akashuka akasema ukuta ule usisubiriwe. Mkafunga kamba juu, mkaingiza mitaimbo kwenye ufa, mkafanya kazi siku mbili, wewe ukisikiliza na mkwe wako ameweka sikio kwenye jiwe pembeni yako. Jumamosi saa nne asubuhi ukuta wa kaskazini ulianguka. Ulianguka saa mliyoichagua nyinyi, upande mlioutaka nyinyi, na chini hapakuwa na mtu wala karai. Umeandika kwamba mlio wake ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Naamini. Hii safari mlikuwa na nafasi ya kusimama kuusikiliza.

Sasa ya nyumbani, na hapa sitakubembeleza.

Shemeji yako ulikwenda kwake Jumatano ileile jioni, kama nilivyokuamuru kwenye simu, ukiwa na mkeo. Amekwisha kupasuliwa. Uvimbe ulikuwa umekua mara mbili ya ulivyokuwa, na umeshika mahali ambapo miezi mitano nyuma haukuwepo, ikabidi wakae naye mezani saa nyingi zaidi. Majibu ya kipimo bado, daktari anasema matumaini ni makubwa, na sauti ya shemeji yako imekuwa nzito kidogo. Unaniuliza ufanye nini ili akusamehe, kwa kuwa hajakuambia neno tangu siku hiyo. Usifanye lolote ili akusamehe. Mpeleke kliniki kila anapotakiwa, ukae kwenye benchi, umrudishe. Umbebee cherehani yake asije akanyanyua kitu kizito. Akitaka kukusema, mwache aseme mpaka amalize, usimkumbushe kwamba ni yeye aliyekuja kukuuliza. Akitaka kunyamaza mwaka mzima, huo mwaka ni wake. Na mkeo, aliyekuambia kuku hawana akili kiasi hicho, yeye muombe radhi kwa maneno kamili na mbele ya watoto, maana ulimnyamazisha mtu pekee ndani ya nyumba aliyekuwa anaona.

Umesema bado watu wanakuja. Hata baada ya kusikia ukweli, wanakuja. Juzi mama mmoja amekuletea paka ndani ya kikapu, akasema labda kwa mijusi ulidanganya lakini kwa paka utaweza. Nilicheka, kisha sikucheka tena. Mama yule ana jambo, fundi, wala halihusiani na paka. Akirudi usimfukuze. Mpe kiti, mwambie hujui kusoma mnyama yeyote na hukuwahi kujua, halafu umuulize kinachomsumbua ni nini. Akikuambia mtoto haongei, mwonyeshe iliko hospitali. Akikuambia mume harudi nyumbani, mwambie aniandikie mimi. Kama hakuna unachoweza kumsaidia, mwambie hivyo, umpe maji ya kunywa, umsindikize hadi njiani. Wengi wa hao ulionitajia hawakuwa na haja ya kuku. Walikuwa wanatafuta uani kwa mtu ambapo wanaweza kukaa kidogo na shida yao, na hilo ulikuwa unawapa bila kujua, katikati ya upuuzi wote ule.

Barua yako ya pili ina kurasa nne za shukrani. Zimenitosha, usiniandikie nyingine. Lakini mahali fulani katika ukurasa wa tatu umegusia, kama mtu anayepita, kwamba upande wa magharibi haujagongwa tangu mkaguzi alipoachishwa, na kwamba wiki ijayo mnahamia huko. Saa moja asubuhi mwanga unaingia vizuri kwenye nyufa. Mchukue mkwe wako, chukua plasta na kalamu ya kuandikia tarehe, mwende mkagonge jiwe moja baada ya jingine kabla mtu mwingine hajafika. Watu wakisimama nyuma yako wakikungojea uinue mkono, geuka uwaambie ulichokisikia.